Aliyepokea Mpira wa Kwanza

Tok!

Mlio mmoja tu katikati ya usiku, mkavu, wa mbao iliyokutana na kitu kigumu, kisha kimya. Fundi viatu wa mtaa ule, mtu wa miaka hamsini na minane ambaye watu wote walimwita Komeo, alizinduka akakuta mguu wake wa kushoto umeshasogea mbele ndani ya shuka, goti limekunjwa, na viganja vyake vimefumbata hewa, kimoja juu ya kingine, kama vimeshika gongo la kriketi.

— Unampiga nani tena? mkewe aliuliza kwa sauti ya usingizi.

— Simpigi mtu. Lala.

Mkewe alilala. Yeye hakulala.

Kulipokucha alijua mlio ule ulitoka wapi. Lori lilikuwa limeleta ubao mpya wa lango la uwanja, wapakuzi wakauachia upande mmoja ukapiga saruji. Sasa ubao uliegemezwa ukutani, mrefu kama hatua nne, mweupe tupu, na mbele yake benchi la kijiwe lilikuwa limeshajaa. Benchi hilo lilikaa kwenye kona, kati ya kibanda cha Komeo na chumba cha kinyozi, likitazamana na lango. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, ukakingwa kwa kisigino cha kiatu cha mtu ambaye hakurudi kukichukua. Hapo watu walikunywa kahawa na kubishana kuhusu kriketi, na hapo palikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyekumbuka nani aliitunga: jina la mtu hubaki kwao, ukikaa benchi unapewa la benchi. Kinyozi alikuwa Redio, kwa kuwa hazimiki. Mwalimu wa hesabu alikuwa Desimali. Mchora vibao alikuwa Brashi. Muuza kahawa, mama wa makamo mwenye birika moja na majibu elfu, alikuwa Shangazi hata kwa waliomzidi umri. Wachezaji wakubwa wa dunia nao, ambao kijiwe kiliwajua kwa magazeti na matangazo, walibatizwa upya walipopita kwenye benchi lile.

Asubuhi hiyo Brashi alikuja na makopo mawili ya rangi, jeusi na jekundu, na chaki nyuma ya sikio.

— Jamani, kamati ya uwanja imenipa hadi saa kumi rangi iwe imekauka. Wageni wanakuja kufungua lango. Uwanja upewe jina la mfunguzi mkubwa kuliko wote, na maneno nipate hapa hapa kwenu. Haya, nipeni.

— Mfunguzi mkubwa kuliko wote? Redio alicheka. We Brashi, macho unayo? Si huyo hapo amekaa anashona soli!

Komeo hakuinua uso. Aliendelea kuvuta uzi.

Wafunguzi ni wale wawili wanaoingia uwanjani kabla ya wapigaji wengine, mpira ukiwa mpya. Mpira mpya ni mgumu, unang'aa, unayumba hewani kama una kinyongo, na mrushaji naye bado hajatoka jasho. Wanaofuata nyuma huukuta umelainika na mrushaji anahema. Kwa hiyo mpira wa kwanza kabisa wa siku ni kitu cha peke yake, na anayeupokea huwa ni mtu wa peke yake. Mtaa mzima ulijua kuwa Komeo aliupokea kwa misimu kumi na mmoja mfululizo.

Komeo alijua kuwa hakuupokea hata mara moja.

Hakuwa amesema uongo, mwanzoni. Waliokuwepo enzi zile walihama, au walikufa, au walisahau. Madaftari ya mechi yaliliwa na mchwa. Hadithi ikabaki mikononi mwa wale ambao hawakuwepo. Siku Redio alipoisimulia kwa mara ya kwanza pale kijiweni, Komeo alikuwa na kahawa mdomoni. Alimeza kahawa, na maneno yakaenda nayo. Tangu hapo kila mwaka yalizidi kushuka chini. Sasa yalikuwa yanakwenda kuandikwa kwa rangi ya mafuta, kwenye lango ambalo angelitazama kila asubuhi akifungua kibanda.

— Ngoja kwanza, alisema Desimali. Tusiende kwa ushabiki. Duniani kuna watu. Kuna yule Bwana Mfupi. Wa kwanza duniani kufikisha mikimbio elfu kumi kwenye mechi kubwa za mataifa. Elfu kumi! Na ni mfunguzi.

— Mfupi namkubali, alisema Brashi.

— Kuna Babu wa Kale. Karibu nusu ya mia zake, zile siku za mikimbio mia au zaidi, alizipata akiwa ameshapita miaka arobaini. Wenzake wako nyumbani wanapakwa mafuta ya mgongo, yeye yuko nje anafungua.

— Na yule Mchomaji! Redio alidakia. Yuko mikimbio mia mbili tisini na mitano, mtu mwingine hapo angetembea kama kabeba mayai, yeye akaupiga mpira nje ya uwanja ndio akaipata mia tatu. Huyo ni mtu au ni moto?

— Huyo mama yake alikuwa na kazi, alisema Shangazi, akimimina.

— Sawa. Sasa swali la kisayansi, alisema Desimali, akashusha miwani. Ni kitu gani kinamfanya mtu awe mfunguzi? Kwa nini huyu aweze na yule, mwenye mikono ileile miwili, asiweze?

Kijiwe kilipenda swali la namna hiyo, maana halina mwisho na halina gharama. Hata Komeo alisimamisha sindano. Alikuwa amejiuliza jambo hilo tangu ujana wake.

— Kisogo, alisema Redio.

— Kisogo?

— Nimenyoa vichwa miaka kumi na mitano. Mfunguzi wa kweli ana kisogo bapa. Upepo wa mpira ukimpita, kichwa hakiyumbi. Mwenye kisogo cha kuchongoka upepo unakishika, kinageuka, jicho linapoteza mpira, kwisha habari.

— Ushahidi?

— Nimemnyoa mfunguzi mmoja wa mkoa.

— Mmoja si takwimu.

— Kichwa chake kilikuwa kikubwa.

Benchi liliangua kicheko, na Shangazi akaomba wasilitingishe, birika lilikuwa limejaa. Brashi alisubiri watulie.

— Nyie mnahangaika na visogo, jambo ni rangi. Mpira mpya mwekundu, sivyo? Nyekundu hukukimbilia machoni. Kibao chekundu unakiona kabla hujakifikia, ndiyo maana bei yangu ya nyekundu iko juu. Basi mfunguzi halisi macho yake hayaoni nyekundu. Kwake mpira ni wa kijivu, unakuja polepole kama mtu anayekuja kuomba chumvi.

— Asipouona vizuri ataupigaje?

— Kwa adabu.

— Kwa adabu! Redio alipiga paja lake. Mtu huyu apewe cheti!

— Shangazi, wewe unasemaje?

Shangazi alifuta mdomo wa birika kwa kitambaa.

— Mimi nawasha jiko saa kumi alfajiri. Vidole vinaungua, moshi unaingia puani, mkaa umegoma. Nyinyi mnakuja saa mbili, mnasema, ah, kahawa ya leo tamu. Sijui kriketi. Lakini anayewasha moto na anayeota moto siwezi kuwapa jina moja.

Komeo alijichoma kidole. Alikiweka mdomoni, akanyonya damu, akajifanya anautafuta mwisho wa uzi.

Kaka yake ndiye aliyewasha moto. Kaka yake wa tumbo moja, aliyemtangulia mwaka mmoja na nusu, mkimya, mwenye mabega ya kubebea magunia. Siku ya mechi ya kwanza kabisa, wakitembea kwenda katikati ya uwanja bega kwa bega, kaka alisikia magoti ya mdogo wake yakigongana ndani ya pedi. Hakumcheka. Alinyoosha gongo kuelekea upande wa pili, ule ambao hausubiri mpira, akasema, "Nenda kasimame kule. Kule kuna kivuli." Hapakuwa na kivuli. Jua lilikuwa utosini. Lakini tangu siku hiyo, misimu kumi na mmoja, maneno yakawa hayohayo, kule kuna kivuli, na mdogo mtu akaenda kila mara kusimama kwenye kivuli kisichokuwepo mpaka hofu imtoke. Ikishamtoka, alikuwa mpigaji hodari kweli. Hilo hakudanganya mtu. Hakuwa mtu wa kutolewa kirahisi, ndiyo maana wakamwita Komeo.

— Nyote mnapiga ramli, alisema Desimali. Mimi nimefanya uchunguzi. Chukua wafunguzi wakubwa, orodhesha, uliza kila mmoja alizaliwa wa ngapi. Utashangaa.

— Wa ngapi?

— Vifungua mimba! Anayefungua uwanja ni aliyefungua tumbo. Tangu azaliwe amezoea kuingia mahali ambapo hakuna mtu aliyeingia kabla yake. Mpira wa kwanza kwake ni kama kuzaliwa mara ya pili.

— Mwalimu, hiyo ni hesabu au ndoto?

— Ni nadharia. Muulizeni huyu hapa. Bwana Komeo, kwenu wewe si ndiye mkubwa?

Macho yote yaligeuka.

— Kwetu, alisema Komeo polepole, mkubwa yupo.

— Mnaona! alipaza sauti Desimali, ambaye alisikia alichotaka kusikia. Yupo, amekaa hapo!

— Sasa mnataka ushahidi gani tena? Redio alisimama, kwa maana hadithi hii hakuweza kuisimulia akiwa amekaa. Fainali ile. Jua kali. Mrushaji anatoka mbali, anatoka kule kwenye mnazi... hapana, kule kwenye nguzo ya umeme. Anakimbia. Anaachia. Mpira wa kwanza una kasi mpaka mlio wake unafika nyuma yake! Unampiga Komeo hapa, kwenye mbavu. Kho! Mtu mwingine angelala. Komeo kaangalia mbavu, kaangalia mrushaji, kasema, "Umemaliza?" Yule mrushaji akaacha kriketi siku hiyohiyo, akaenda kufuga nyuki.

Mrushaji alikuwa tarishi, na Jumatatu yake alirudi kugawa barua. Mbavu zilikuwa za kaka. Komeo, aliyekuwa amesimama upande wa pili, aliusikia mpira ukimwingia, akamwona akiinama, akivuta pumzi tatu, akiinuka na kumkonyeza. Tulia, bado kuna kivuli.

Kisha saa tatu baadaye likatokea lile lingine, ambalo ndilo lililolifunga jina la kaka nyumbani kwao. Kaka alikuwa na mikimbio tisini na minane. Hajawahi kupata mia maishani. Komeo aliupiga mpira pembeni, akaita "Njoo!" kama wafunguzi wanavyoitana, na kaka akatoka mbio bila kutazama, kwa sababu mfunguzi hamtazami mwenzake, anamwamini. Katikati ya njia Komeo aliona mpira uko karibu kuliko alivyodhani. Akageuka, akarudi kwake. Kaka alibaki peke yake katikati, hana mbele hana nyuma, na vijiti vikaangushwa kabla hajavifikia, akawa ametolewa. Komeo akaendelea hadi mia moja arobaini na tatu, akabebwa mabegani mtaa mzima. Na usiku, mezani, baba yao alipouliza ilikuwaje, Komeo alisema: "Alikimbia bila kuitwa."

Kaka aliweka kijiko chini. Alisubiri. Komeo angeweza hata dakika ile kusema, nilikuita mimi. Hakusema. Mwezi uliofuata kaka alipata kazi ya tanuri la mikate katika mji mwingine, akahamia huko na mkewe. Miaka thelathini na mmoja. Nyumbani walijizoeza kulikwepa jina lake, maana kila lilipotajwa Komeo aliinuka na kutoka. Mwisho hata mama yao akawa anasema tu, yule mwenzio.

— Basi imetosha, alisema Brashi. Alitoa chaki nyuma ya sikio, akaanza kupima ubao kwa shibiri. Akaandika kwanza kwa chaki, herufi kubwa, kisha mstari wa pili mdogo. Akarudi nyuma hatua tatu na kuinamisha kichwa.

UWANJA WA KOMEO
aliyepokea mpira wa kwanza

— Safi, alisema Redio.

— Hata mizani inakaa, alisema Desimali. Hesabu silabi.

Komeo alitazama chaki. Ilikuwa bado chaki. Aliwaza kusema kitu, akawaza pia kwamba kiatu kile kingechukuliwa saa sita na soli haijakamilika. Akainamia soli.

Hapo ndipo alipofika mwanamke aliyevaa sweta juu ya sare ya hospitali, macho mekundu ya zamu ya usiku. Alikuwa muuguzi aliyehamia mtaani wiki ileile. Aliomba kikombe kimoja, akanywa amesimama, akasoma ubao kwa makini ya mtu anayesoma maelezo ya dawa.

— Karibu, dada, alisema Shangazi. Usiwajali hawa, hawaumi.

— Nimewasikia tangu kule kwenye kona. Samahanini, mimi mchezo huu siufahamu kabisa. Naweza kuuliza?

— Uliza! alisema Desimali, ambaye hakuwa amepata mwanafunzi tangu shule zifungwe.

— Hao wafunguzi huwa wanaingia wangapi?

— Wawili. Lazima wawili. Mmoja upande huu, mmoja upande ule, wanapishana wakikimbia. Kuna mechi moja kubwa wawili walisimama pamoja hadi mikimbio mia nne na kumi na mitano kabla mmoja wao hajatolewa. Mmoja peke yake hawezi hata kuanza.

— Ahaa. Muuguzi alionyesha ubao kwa kikombe. Basi mwenzake huyu alikuwa nani?

Redio alimgeukia Desimali.

— Alikuwepo, alisema Desimali. Kimantiki lazima awe alikuwepo.

— Alikuwa nani?

— Mimi nilihamia hapa miaka kumi tu iliyopita.

— Mimi nilikuwa natambaa, alisema Redio kwa sauti ndogo. Hii hadithi nilipewa na mjomba. Mjomba hakusema.

Brashi alikuwa ameshachovya brashi kwenye nyeusi. Tone moja lilining'inia. Aliirudisha juu ya kopo.

Hakuna aliyemwambia Komeo aseme. Walimtazama tu, na si kwa kumshuku. Walimtazama kwa hamu, kama watu waliopitia nyumba moja miaka yote na leo wakagundua ina mlango wa pili. Hilo ndilo lililomshinda. Angekutana na shutuma angejua pa kujificha. Angesema, nimesahau, ni zamani mno, na wangemwamini mara moja, na rangi ingekauka saa kumi.

— Kaka yangu, alisema.

— Kaka? Desimali alivua miwani. Kwani si umesema wewe ndiye...

— Nilisema mkubwa yupo. Mimi ni wa pili.

— Loo. Nadharia yangu.

— Nadharia yako nzima, Mwalimu. Ni sisi tuliokosea mtu. Komeo aliweka kiatu chini, akaweka na sindano. Mpira wa kwanza aliupokea yeye. Msimu wa kwanza mpaka wa mwisho. Mimi sijaupokea hata siku moja. Nilikuwa nauogopa.

— We! Redio alikaa. Hata ile ya mbavu?

— Mbavu zake.

— Na "umemaliza"?

— Hakusema hivyo. Alinikonyeza nisiogope.

Shangazi alishusha birika. Muuguzi alikuwa ameacha kunywa.

— Na siku hiyo hiyo, Komeo aliendelea, alitolewa akiwa na tisini na nane. Nilimwita mimi. Akaja. Mimi nikarudi. Nyumbani nikasema hakuitwa. Amekaa na neno hilo miaka thelathini na mmoja, na mimi nimekaa na sifa zake.

Pikipiki ilipita. Redio, ambaye hadithi yake ilikuwa imevunjika mikononi mwake, alitazama uwanja mtupu kupitia lango, akauliza kwa upole ambao hawakuujua kwake:

— Yuko hai?

— Yuko hai. Anachoma mikate. Mke wangu huwa anaongea na mke wake kwenye simu. Mimi hutoka nje.

Brashi alikuwa ameshaokota kitambaa. Alifuta mstari wa juu, neno moja baada ya jingine, akaacha ule wa chini ulivyo. Akabaki ameshika chaki mbele ya nafasi tupu.

— Haya. Uwanjani walimwitaje?

— Hawakumwita kitu.

— La utani hakuwa nalo? Kila mtu ana la utani.

— Watu humpa jina wanayemtazama. Walikuwa wananitazama mimi.

— Sasa niandike nini, Komeo? Nipe chochote.

Fundi viatu alisimama. Alikwenda hadi kwenye ubao, karibu kabisa, mpaka pua yake ikanusa chaki. Mdomo wake ulitafuta umbo la herufi ya kwanza, ukalikosa, ukalitafuta tena. Alihisi magoti yakigongana, yaleyale, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumwambia aende upande wa pili. Akavuta pumzi, kisha, polepole, silabi kwa silabi, ili Brashi asikosee hata herufi moja, akalitamka jina la kaka yake.